Kifungua Kinywa cha Meja

Kwa miezi kumi na minne nilimpikia meja mmoja wa jeshi kifungua kinywa, na kila asubuhi nilipomwekea sahani mezani niliomba chakula kile kimwangushe. Sisemi hivi kwa kujisifu, wala kwa kutubu. Wengi waliokuwapo wamekwisha kufa, na waliobaki wananijua kama mama mpole aliyezunguka vijiji vya Busia na Tororo akifundisha wanawake kupika uji wa watoto. Hawajui nilichowahi kukifanya kwa kikaango na mayai matatu.

Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda, nyumba chache tu kutoka kizuizi cha mpaka. Baba alikuwa dereva wa lori, Mwislamu wa kushika dini. Mama alikuwa Msamia wa Masafu aliyesilimu alipoolewa. Nyumbani tulisema Kiswahili, mtaani tulisema kila lugha. Nilipomaliza shule nilisomea lishe mwaka mmoja, nikaajiriwa katika hospitali ndogo ya misheni nje ya mji wa Tororo, mahali ambapo ukitoka mlangoni unauona mwamba mzima wa Tororo mbele yako, na siku za upepo vumbi la kiwanda cha saruji linatua juu ya shuka ulizoanika.

Wodi yangu ilikuwa ya watoto wenye utapiamlo. Msimamizi wake alikuwa muuguzi wa Kijapadhola, mama mrefu mwenye sauti kavu, aliyekaribia kustaafu. Tulimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Siku yangu ya kwanza alinifungulia kabati la dawa, akalifunga tena, akasema, "Umeliona? Sasa lisahau. Dawa ya watoto hawa iko jikoni."

Mtoto wa namna ile huja miguu na uso vimevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, na hataki kuguswa. Analia kilio cha chini ambacho hakiishi. Ukimpa chakula anageuza kichwa. Sista alinifundisha kupima uzito kila asubuhi, lakini pia alinifundisha kutazama uso. "Siku atakayotabasamu," aliniambia, "iandike kwenye kadi yake. Hapo ndipo ujue anarudi."

Nyuma ya jiko tulifuga kuku hamsini na kitu. Kila mtoto alipata yai moja kwa siku, limepondwa ndani ya kiazi au uji wa mtama, pamoja na maziwa ya unga na karanga zilizosagwa. Yai lina protini ya kujenga mwili, lina mafuta ya kumpa mtoto nguvu, lina madini ya chuma na vitamini za macho, na yote hayo yamo ndani ya kitu laini ambacho hata mtoto aliyechoka kutafuna anaweza kukimeza. Mara nyingine tulipata samaki wa chumvi kutoka ziwani. Sista alinionyesha jinsi ya kuwatayarisha: unawaloweka usiku kucha, unamwaga maji, unawachemsha, unamwaga tena. "Figo za mtoto mgonjwa haziwezi chumvi," alisema. "Wala moyo wake hauwezi."

Katika wodi tulikuwa na msichana wa miaka mitatu kutoka upande wa Busitema. Baba yake alikuwa amechukuliwa na watu waliokuja kwa gari lisilo na namba, na mama yake aliachwa na shamba, mimba na mtoto huyo. Alipofika alikuwa na kilo saba na nusu, sehemu yake ikiwa maji ya uvimbe. Maji yalipoisha alibaki na kilo sita. Nilimlisha kwa kijiko kidogo wiki tatu, akipinga kila kijiko. Asubuhi moja nilipokuwa nampondea yai, alichovya kidole bakulini, akakilamba, akanitazama, akatabasamu. Nilikimbia kuiandika kwenye kadi. Mama yake nilimwambia, "Mtoto wako amepona." Sikupaswa kusema hivyo mapema vile, lakini nilisema.

Wiki haikuisha lori la jeshi likaja.

Meja alitangulia kwa gari lake la jipu. Alikuwa mgeni katika kambi ya jeshi, mtu mnene wa shingo, amepewa kuishi katika nyumba ya Mhindi mwenye duka aliyefukuzwa nchini pamoja na wenzake. Aliuliza nani mkubwa hapo. Sista akatoka akijifuta mikono kwenye aproni.

"Hii kuku ni ya nani?" Meja aliuliza kwa Kiswahili cha kambini.

"Ya wagonjwa, afande."

"Wagonjwa nakula kuku?"

"Wanakula mayai. Ni watoto wadogo, afande. Wengine hawawezi kula kitu kingine."

Meja akacheka, akawageukia askari wake. "Askari pia ni watoto. Watoto wa serikali. Chukua yote."

Sista akaenda akasimama kwenye mlango wa banda, mikono ameitandaza. Hakupiga kelele. Meja naye hakupiga kelele. Alimsogelea na fimbo yake fupi, akampiga nayo kwenye sikio la kushoto, mara mbili, kama mtu anayegonga mlango. Sista akaanguka kwenye mavi ya kuku. Askari wakamruka, wakafunga kuku miguu, wawili wawili, wakawatupa ndani ya lori. Walichukua na magunia ya maziwa ya unga. Meja mwenyewe alitoa yai moja kwenye kiota, akalitikisa sikioni akisikiliza, akatabasamu, akalitia mfukoni. Nilikuwa nimesimama dirishani na kijiko mkononi. Sikufanya lolote.

Sikio lile la Sista halikusikia tena maisha yake yote.

Tulijaribu maharage, tukajaribu karanga, tukajaribu dagaa. Nilizunguka soko la Tororo na la Malaba kutafuta mayai, na kila mwenye kuku alikuwa amewaficha au amenyang'anywa. Msichana wa Busitema akaanza kuhara. Akageuza kichwa kama mwanzo. Alikufa siku ya kumi na tisa baada ya lori kuja, saa nne asubuhi, akiwa na kilo tano na robo. Mama yake alimfunga kwenye kanga, akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Si uliniambia amepona?" aliniuliza.

Nilikwenda nyuma ya jiko, kwenye banda tupu, na hapo niliapa kwamba kama Mungu angeniweka karibu na meja yule, nisingeondoka mikono mitupu.

Mungu alichukua miezi mitano. Meja alianguka kwa kizunguzungu kwenye gwaride, akaletwa hospitalini kwetu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Daktari wetu, kijana mwembamba ambaye wakati ule alikuwa akisita hata kumjibu mlinzi wa lango, alimpima presha mara tatu kwa sababu hakuamini mara mbili za kwanza. Akamwambia asile chumvi, nyama ya kukaanga wala siagi. Meja akasema basi apewe mpishi anayejua mambo hayo. Daktari akanitazama mimi.

Alipokuwa ananiandikia orodha ya vyakula, aliongea kwa sauti ya chini. "Presha yake iko juu sana. Chumvi itamuua huyu. Kazi yako ni kumnyima, umeelewa?"

"Nimeelewa, Daktari."

Sista alinisindikiza hadi barabarani. Aliniweka upande wa sikio zima. "Binti yangu," alisema, "usiingie na hasira kwenye jiko la mtu." Nilimwambia sina hasira. Alinishika mkono kwa muda, kisha akauachia.

Nyumba ya Mhindi ilikuwa na jiko la vigae vyeupe, jokofu kubwa, na uani banda la kuku. Kuku walikuwa wetu. Nilimtambua jogoo mwenye kucha iliyopinda na mtetea mwekundu aliyekuwa akitagia kwenye ndoo. Sisi tuliambiwa askari wamekula kuku wote. Kumbe Meja alikuwa amejiwekea watagao.

Asubuhi ya kwanza nilifanya kazi yangu kwa haki, na ninataka hili lijulikane. Nilimwekea uji wa ulezi usio na chumvi, papai, na yai moja la kuchemsha. Alitazama sahani, akanitazama, akaisukuma ikaanguka sakafuni.

"Mimi ni mtoto ya hospitali?"

"Hapana, afande. Ni maagizo ya daktari."

"Wewe nakuja hapa." Nikasogea. Alikuwa amewahi kupelekwa Uingereza kusomea uaskari, na huko, alinieleza, maofisa hawali uji kama wafungwa. Wanakula sandwichi. Akanieleza kwa mikono kama anayechora ramani: mkate mnene, siagi, mayai matatu, na hemu. Hemu ni paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi siku nyingi kisha likafukizwa moshi. Lilikuwa tayari kwenye jokofu, limefungwa kitambaa cheupe. Dereva wake alimletea moja kila mara kutoka upande wa Kenya, kupitia Busia, mtaani kwetu.

"Afande, daktari amekataza vitu hivyo vyote."

"Daktari naniogopa. Wewe naniogopa?"

"Nakuogopa, afande."

"Basi pika."

Na hapo, nikiwa nimeinama kuokota vipande vya sahani, nilisikia kitu kikitulia moyoni. Nilikuwa nimekuja nikiwaza sumu, nikiwaza panya na dawa zao, nikijua kwamba askari wangeichoma nyumba ya baba yangu kabla ya saa sita mchana. Sasa mtu mwenyewe ameniamuru.

Jumamosi nilikwenda nyumbani Busia, nikamwambia baba kwamba nashika nyama ya nguruwe kila siku. Nilimwambia natumia uma na kisu, na kwamba nanawa mara saba. Baba alikunja na kukunjua kofia yake.

"Umelazimishwa?" aliuliza.

"Kupika, ndiyo."

Aliisikia ile "kupika" peke yake. Hakuwa mjinga. "Basi lililobaki ni nia," alisema, "na hiyo mimi siioni." Hakuniuliza tena.

Sandwichi ile niliitengeneza hivi. Nilikata vipande viwili vya mkate, unene wa vidole viwili. Nilivipaka siagi ya chumvi pande zote, nikavikausha kwenye kikaango hadi vikawa rangi ya udongo wa barabara ya Malaba. Nilikata hemu mapande mawili, nikayakaanga kwa mafuta yake yenyewe hadi kingo zikajikunja. Kwenye mafuta yale yale nilivunja mayai matatu, kiini kikiwa hakijaiva, maana alitaka kitiririke. Nilipanga mkate, hemu, mayai, hemu, mkate. Kisha yeye mwenyewe, kabla hata hajaonja, alichukua kichupa akanyunyiza chumvi.

Kama ningeulizwa kwenye mtihani, ningekisifu chakula hicho. Kwa mtu anayelima tangu alfajiri ni chakula cha haki. Protini ya mayai na ya nyama zimekutana, mkate una wanga wa kutosha kumfikisha mchana, mafuta yanakaa tumboni asisikie njaa, na madini ya chuma yapo ya kutosha. Ukiondoa chumvi, ukakikatakata na kukiponda, chakula cha asubuhi moja ya mtu yule kingewatosha watoto watatu wa wodi yangu kwa mayai, na nyama ingebaki. Nililijua hilo kila nilipovunja yai. Moja, nasema moyoni, la yule wa kitanda cha dirishani. La pili, la pacha. La tatu nilikuwa silitaji.

Lakini kwa mtu mwenye presha ile, ambaye kutwa nzima ametoka kwenye kiti kuingia kwenye jipu, ilikuwa chumvi juu ya chumvi. Na ilikuwa miaka ambayo chumvi haionekani Tororo. Watu walichuja majivu ya maganda ya ndizi ili mboga ipate ladha. Mama alipika bila chumvi miezi mizima. Mtu huyu alikuwa na gunia.

Sasa dhambi yangu. Hemu inaweza kulowekwa. Kama samaki wa ziwani: usiku mzima ndani ya maji, unamwaga, unachemsha, unamwaga tena, kisha ndipo unakaanga. Sehemu kubwa ya chumvi inatoka na mlaji hajui tofauti, hasa mlaji anayejinyunyizia mwenyewe. Ningeweza kufanya hivyo kila jioni bila yeye kujua. Ningekuwa nimetii amri yake na amri ya daktari pamoja. Beseni lilikuwapo, tena kubwa, chini ya meza. Kila jioni nililitazama beseni lile, nikaiacha hemu kwenye kitambaa chake, nikaenda kulala.

Mayai nayo nilikuwa nayaiba. Kila siku nilitenga manne au matano nikasema ni viza.

"Kuku yangu kwa nini nataga viza?" Meja aliniuliza siku moja.

"Joto, afande. Na kelele za magari."

Akaamuru magari yasipige honi karibu na banda. Mimi nikabeba viza vyangu ndani ya kapu la taka hadi hospitalini nilipokwenda kutoa taarifa kwa daktari. Sista aliyapokea bila kuuliza, akayatumbukiza kwenye maji kuona kama yanaelea, akaniambia, "Mazuri." Pacha wawili walitabasamu msimu ule kwa mayai hayo, na tarehe zao niliziandika mimi.

Kwa daktari nilitoa taarifa za uongo. Nilisema anakula uji. Daktari aliandika.

Nilimwona Meja akibadilika. Uso ulizidi kuwa na wekundu mweusi, vifundo vya miguu vikaanza kujaa jioni, na akivua buti kamba ziliacha alama kwenye ngozi. Aliumwa kichwa kisogoni. Alipiga watu zaidi. Kila alama niliijua maana yake, na kila alama ilinipa furaha ambayo sikuwahi kuipata katika jambo jingine. Nilikuwa naamka mapema bila kuamshwa. Nilikuwa naimba.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limeshapanda juu ya mwamba. Alikuwa ameng'ata mara mbili, analalamika kwamba mkate umeungua. Katikati ya maneno ulimi ukawa mzito. Aliinua sandwichi kwa mkono wa kulia na mkono haukufika mdomoni. Ulishuka polepole, ukaiangusha sahanini, naye akautazama kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Mdomo ukavutwa upande. Kiini cha yai kilimtiririka kidevuni hadi kwenye kola. Alinitazama. Alielewa kwamba nimeona, na alikuwa anasubiri nipige kelele.

Nilichukua sahani. Nilikwenda jikoni nikaosha kikaango. Nilikisugua kwa majivu, nikakisuuza, nikakifuta, nikakitundika kwenye msumari wake. Kisha nikaosha uma. Ndipo nikatoka nje kumwita mlinzi.

Hakufa. Alirudishwa hospitalini kwetu, upande wa kulia umekufa, ulimi hauna neno. Kwa wiki mbili askari walilinda mlango, kisha mmoja tu akabaki, kisha hata huyo akaondoka. Tulisikia meja mwingine amehamia kwenye nyumba ya Mhindi. Hapakuwa na aliyekuja kumtazama wetu. Daktari alimweka kwenye chumba kidogo kando ya wodi ya watoto, na Sista akaniita.

"Utamlisha wewe," alisema.

"Simlishi."

"Unajua chakula chake kuliko mtu yeyote."

Alinitazama hadi nikashusha macho. Sijui aliambiwa na nani, au kama aliambiwa. Aliyapeleka macho yake kwenye mikono yangu. "Asiyeweza kula, tunamlisha," akasema. "Ukishaanza kuchagua, rudi kwenu Busia."

"Sista, yule alikupiga."

"Nakumbuka aliyenipiga." Akaligeuzia mbali nami lile sikio zima, kama aliyemaliza kusikiliza.

Basi nikamlisha. Uji wa ulezi, bila chumvi, kwa kijiko kidogo kile kile cha watoto, kwa sababu akipewa zaidi anakabwa. Lakini Sista hakusema nimlishe kimya. Kila asubuhi nilifunga mlango, nikainama sikioni kwake, nikamwambia habari za msichana wa Busitema. Nilimwambia kilo zake alipofika. Nilimwambia siku alipochovya kidole kwenye yai. Nilimtajia uzito wake wa kila siku baada ya lori, mmoja mmoja, ukishuka, hadi kilo tano na robo. Nilimwambia saa aliyokufa na rangi ya kanga. Kisha nikamwambia kuhusu beseni. "Ningeweza kuiloweka," nilimnong'oneza. "Kila siku ningeweza." Kisha nikampa kijiko kingine.

Alilia. Machozi yalimtoka kila asubuhi, yakachanganyika na uji. Nilishiba machozi yale. Mwezi mzima nilishiba. Kisha siku moja daktari alinikuta nikimfuta, akasema, "Usijali sana. Wagonjwa wa kiharusi hulia hivi. Jambo dogo tu, hata mlango ukifungwa, machozi yanatoka. Pengine hata hajui kwa nini."

Nilitaka kumpiga kwa bakuli. Badala yake nilimwambia ukweli. Nilimwambia taarifa zangu zilikuwa za uongo, nikamwambia hemu, siagi, mayai matatu, na beseni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama wima, nikisubiri anifukuze au anisaliti. Daktari alikaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Ile presha niliyompima siku ya kwanza," alisema, "mimi nilidhani hatamaliza mwaka, ale uji au asile. Chumvi iliongeza, ndiyo. Ilimsukuma. Lakini mayai hata usiyaweke kwenye hesabu. Na huenda hata ungeiloweka hiyo nyama, angekuwa kwenye kitanda hiki hiki."

Alidhani ananitua mzigo. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia daktari yule siku ile. Miezi kumi na minne nilikuwa nimeibeba kazi yangu kama mimba, naye kwa sentensi chache akaniambia huenda mtoto si wangu. Nilimwambia, "Ni mimi niliyemwangusha, Daktari. Usiniondolee." Akaondoka haraka. Hatukulizungumza tena, na hakunisaliti.

Baada ya siku ile niliacha kumnong'oneza Meja. Si kwa huruma. Nilikuwa sijui tena kama kuna mtu anayesikia.

Mama yake alikuja mwishoni mwa mvua. Alikuwa ameambiwa mwanawe amekufa, kisha ameambiwa amepona, akaamua kuja kuona mwenyewe. Alisafiri siku tatu, nyingine kwa miguu. Alikuwa kikongwe mdogo mwenye miguu iliyopasuka, na viatu alikuwa ameving'ang'ania mkononi ili avivae mbele ya mwanawe mwenye cheo. Alipomwona alikaa chini sakafuni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, tukakisaidia kwa mikono.

"Wewe ndiye namulisha?" aliniuliza.

"Ndiyo, bibi. Ni mimi."

Akanishika mikono yote miwili, akaibusu, kwanza mmoja kisha wa pili. Sikuweza kuitoa. Nilimwona Sista mlangoni akinitazama, na Sista hakunisaidia.

Kikongwe yule alitaka kumpeleka mwanawe nyumbani, na alitaka kujua atampikia nini. Nilikaa naye jikoni siku mbili. Nilimfundisha uji, jinsi ya kuuchuja usimkabe, jinsi ya kumwinua kichwa. Nilimfundisha kuponda yai ndani ya kiazi. Nilipofika kwenye chumvi nilimwambia asimtie kabisa. Alitikisa kichwa akacheka kidogo, meno mawili tu. Chumvi, alisema, kwao hawajaiona tangu mwaka jana. Mwanawe alikuwa ameahidi kuwaletea.

Waliondoka kwa lori la saruji, Meja amelazwa juu ya mifuko, kichwa mapajani mwa mama yake, uso wake mweupe kwa vumbi. Alinitazama hadi lori lilipopinda. Macho yalikuwa yanatoka machozi, na hadi leo sijui kama yalikuwa na maana. Nimejiuliza mara nyingi kuliko alivyostahili.

Nilisikia baadaye kwamba aliishi mwaka mmoja na nusu, akafa mikononi mwa yule kikongwe. Serikali yao ya kijeshi ilikuwa imekwisha kuanguka. Habari ilinifikia nikiwa Masafu, kwenye semina ya lishe, na nilipoisikia nilifurahi, kisha nikakasirika kwamba furaha imekuwa ndogo. Nilikuwa nimeitunzia nafasi kubwa.

Sista alistaafu akarudi kwao. Kila nilipomtembelea alinikalisha upande wa sikio linalosikia, tukaongea mahindi, wajukuu, mvua. Mara moja tu, mwaka wa mwisho wa uhai wake, aliniuliza ghafla kama nimeshamsamehe yule mtu. Nilimwambia hapana. Nilimuuliza yeye je. Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo.

"Mimi nilikuwa na wodi," alisema. "Sikupata nafasi ya kumwekea kinyongo." Akaniomba nimsogezee sufuria.